Mkuu, usiprinti hiyo kazi! Berlin haikuwa mpakani

Umeandika "Ukuta wa Berlin ulijengwa kwenye mpaka wa Ujerumani mbili", halafu unatuuliza utangulizi uwe na kurasa ngapi na hotuba ya Kennedy, yule rais wa Marekani, ikae wapi? Achana na kurasa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonirudishia somo chuoni, ada ikalipwa upya, na mzee nyumbani hadi leo ananiita "Mjerumani".

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia washindi waliigawa Ujerumani kanda nne: ya Marekani, ya Uingereza, ya Ufaransa na ya Wasovieti. Berlin nzima ilikuwa ndani ya kanda ya Wasovieti, zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa kanda za magharibi. Huko huko ndani, mji ukagawanywa: Marekani, Uingereza na Ufaransa wakachukua magharibi, Wasovieti mashariki. Sasa mimi nilikuwa nimejaza kurasa za "kuvuka mpaka". Mhadhiri akauliza swali moja tu: kama Berlin ilikuwa mpakani, zile ndege za 1948 zilikuwa za nini, si wangepeleka chakula kwa malori? Nikajibu labda barabara zilikuwa mbovu. Chekeni tu, hata jopo lilicheka.

Jibu ni hili. Juni 1948, sarafu mpya ya mark ilipoingia kanda za magharibi, Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alifunga barabara, reli na mifereji ya kwenda Berlin Magharibi. Njia za ardhini hazikuwa na mkataba wa maandishi; njia tatu za anga zilikuwa nao tangu 1945. Kutungua ndege ilikuwa kuchokoza vita. Basi nchi za magharibi zikapeleka mizigo kwa ndege, na mpaka Septemba 1949 zikashushwa tani zaidi ya milioni 2, nyingi zikiwa makaa ya mawe.

Na huo ukuta wako wa 1961 uliizunguka Berlin Magharibi yote, kama kilomita 155. Zilizopita katikati ya mji ni 43 tu. Mpaka wa Ujerumani mbili ulishafungwa tangu 1952, kwa hiyo Berlin ndiyo ilikuwa upenyo uliobaki wa kutorokea kutoka Mashariki kwenda Magharibi. Ukiupeleka ukuta mpakani, utaelezaje kwa nini walisubiri hadi 1961?

Aliyeniponza ni mwalimu wa tuisheni. Alichora mstari wima ubaoni, akaibandika Berlin juu yake kama embe kwenye kisu, akachukua hela zetu akaenda zake. Hata atlasi ya shule ya msingi hakufungua, bwana yule!

Kabla ya kuandika neno jingine, chora ramani kwa mkono wako: kanda nne, Berlin ndani ya ya Wasovieti, njia tatu za anga zikiingia. Ipige picha uiweke hapa tuikague. Mambo ya Kennedy wengine watakujibu.