Tupime Kwanza, Kucheka Baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, wanafunzi wa sekondari wanaweza kufundishana fizikia wao kwa wao, au wanapotezeana muda? Na kundi liwe la watu wangapi?" Mimi si mwalimu, ni fundi umeme hapa Morogoro. Lakini kibaraza changu kina meza na taa, na watoto wa mtaani kwetu, wa kidato cha pili mpaka cha nne, wamekigeuza darasa la jioni. Kwa hiyo nina la kusema.

Wanaweza. Ila makundi mengi ninayoyaona hayafundishani, yananakili. Mmoja mwenye kichwa chepesi anapiga pindi, wengine wanaitikia "sawa, sawa", kisha wote wanasolvu mitihani ya miaka iliyopita mpaka wanakariri majibu. Hapo kuna mwalimu mmoja mdogo asiye na mshahara, na wasikilizaji wake. Kufundishana kunaanza siku mmoja anapotoa swali linaloonekana la kijinga na wenzake, badala ya kumcheka, wakasema: haya, tupime.

Kisa cha kutufunza hilo tunacho hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake akaweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi, na Mpemba, akiona atakosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliyemwelewa hakuwa mtu wa vitabu. Ni rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, ambaye alimwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi.

Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaupokea utani huo kwa mikono miwili: kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Baadaye Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akamuuliza mbele ya wote kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakujifanya anajua, alirudi Dar na kumwambia fundi wake wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Mabishano hayajaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo wakasema hawakupata ushahidi wa maana. Sawa kabisa. Nao walipima.

Mimi katika kisa hiki jicho langu huliangukia lile darasa. Friji ilikuwepo, maabara ilikuwepo, na Mpemba alikwishajaribu peke yake katika maabara ya baiolojia kwa bika mbili ndogo. Kazi ya saa moja. Vijana wote wale walikuwa karibu na jambo ambalo lingewapa jina, wakaona bora wamtanie mwenzao.

Sasa nije kibarazani kwangu. Mabishano yetu makali kuliko yote yaliletwa na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja amenuna kwa sababu nyumbani wamemlaumu kwamba anasoma usiku na taa inamaliza yuniti. Wenzake wakaanza kumcheka. Nikawauliza, yuniti ni nini? Wote walikuwa wamesoma nguvu na nishati, wote wanajua kuzidisha wati kwa muda, lakini hakuna aliyekuwa ameunganisha daftari na ile mita ya ukutani. Yuniti moja ni kilowati moja, yaani wati 1000, ikitumika kwa saa moja, basi. Balbu yake ilikuwa ya wati 9. Wakapiga hesabu wenyewe: inahitaji kuwaka zaidi ya saa 111 ndipo imalize yuniti moja. Pasi ya wati 1000 inaimaliza kwa saa moja tu.

Hapo angeweza kurudi nyumbani na ushindi wake. Lakini nikasema tupime. Tukazima kila kitu, tukasoma mita, tukawasha pasi peke yake saa nzima huku nguo zangu za kazi zikinyooshwa bure, tukasoma tena. Mita ilionyesha kwamba imetumika chini ya yuniti moja, tena chini kwa wazi. Yule kijana anayeongoza darasani kwao akasema mita ni mbovu. Akarudia hesabu mara ya pili na ya tatu, jibu lilelile.

Aliyetutoa ni mvulana ambaye kwenye karatasi fizikia inamsumbua sana, lakini ndiye anayepiga pasi za nyumba nzima kwao. Akasema, "Si inakata? Ikishapata moto kile kitaa kinazima, ikipoa kinawaka." Kimya. Kisha akaanza kuwaeleza wenzake kuhusu vipande viwili vya metali vilivyobanwa pamoja, kimoja kinatanuka kuliko kingine kikipata moto, vinapinda na kuachanisha umeme. Alikuwa amekisoma kitabuni kwenye sura ya kutanuka kwa vitu, akakiacha pale kwenye sura. Tangu siku ile yule kinara wa darasa humtafuta kabla hajaandika jibu.

Baada ya hapo wakakokotoa hita ya kuogea: ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 25 mpaka 40, inakula zaidi kidogo ya theluthi ya yuniti hata kama hita haipotezi chochote. Nyumba ya watu sita wanaooga maji ya moto asubuhi wanajua sasa nani wa kulaumiwa, na si balbu. Wakaenda mbele zaidi: pasi na hita kwenye ekstensheni moja nyembamba. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya linaongezeka mara nne. Mimi nimeng'oa soketi nyingi zilizoyeyuka kwa sababu hiyo. Mtoto akimwambia mama yake hili akiwa na hesabu mkononi, anasikilizwa kuliko fundi anayeonekana anatafuta kazi.

Hata hivyo sitawapamba. Kundi linaweza kufundishana uongo na ukakaa. Wiki fulani walikubaliana wote kwamba kizito huanguka haraka kuliko chepesi, maana aliyesema ana sauti nzito. Dawa yake ilikuwa daftari na karatasi moja: viachie pamoja vikiwa vimetengana, karatasi inachelewa. Iweke karatasi juu ya daftari, isizidi ukingo, uviachie: vinafika pamoja. Hewa ndiyo ilikuwa inaichelewesha. Lakini yapo mengine ambayo karatasi haitoshi kuyaamua, na hapo swali liandikwe lipelekwe kwa mwalimu kesho yake. Kundi lisilo na maswali ya kumpelekea mwalimu silielewi linafanya nini.

Jambo moja ninalolikataza bila mjadala: hakuna jaribio la kuunga nyaya kwenye umeme wa ukutani. Betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya vinatosha kuonyesha kwamba balbu mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja zinafifia na moja ikitoka zote zinazima, ila zikiwa sambamba kila moja inajitegemea. Ndiyo maana taa ya jikoni ikiungua sebule haiingii giza. Mita tunaisoma kwa macho tu.

Na waacheni wabishane kwa Kiswahili. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, watauandika kwa Kiingereza, lakini yule mpiga pasi asingefungua mdomo kama tungemtaka aeleze kwa lugha anayoiogopa. Wakishaelewana, mmoja anaandika sentensi za mtihani na wengine wanamsahihisha.

Kuhusu idadi: wanne, wakizidi sana watano. Wa sita huanza kusinzia, au kuchaji simu kwenye soketi yangu. Naye huyo wa simu nimemkokotolea: ni shilingi chache tu, aendelee.

Fundi umeme, Morogoro