Usiniulize Nanunua Wapi, Niulize Nani Ananipunguzia

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Naona picha zako, unapendeza kila siku. Hizo nguo unanunua wapi? Mimi hela ikishatoka kwenye chakula na kuchapisha notsi haibaki kitu, na wenzangu wananiona mshamba." Nikacheka, wala si kwa kumdharau. Waliosoma na mimi mwaka wa kwanza wangeuona ujumbe ule wangesema umekosea njia.

Namjibu hapa hapa, maana najua wako wengi wenye swali hilo na wanaona haya kuuliza.

Mimi niliingia chuo na mashati ya kaka yangu. Kaka ni pande la mtu. Shati lake nikilivaa, mshono wa bega unashuka hadi katikati ya mkono, na mikono yenyewe lazima niikunje ndipo vidole vionekane. Siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi, nimesimama mbele na karatasi zangu, jamaa mmoja kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Shati limekuja na mtu ndani." Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri naye akatabasamu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko chenyewe. Alama tulipata nzuri. Hakuna aliyezikumbuka.

Jamaa yule nimekutana naye hivi karibuni kwenye sherehe ya rafiki yetu. Kanitazama juu mpaka chini, kisha kaniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia nitamtumia namba. Bado sijamtumia, na sina haraka.

Sasa, niliendaje kutoka kule hadi hapa? Pesa sikupata. Nilipata fundi cherehani, mzee mmoja mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimpelekea shati moja la kaka. Akanivalisha, akabana kitambaa ubavuni kwa pini, akaguna alipofika begani. Akaniambia ubavu ni kazi ndogo, urefu ni kazi ndogo, lakini bega ni lazima afumue mkono mzima, akate, aurudishie upya. Na kazi hiyo inakula muda na hela. Tangu siku ile, nikishika nguo ya mtumba, jicho langu linakwenda begani kwanza. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita hapo, rudisha nguo ilipokuwa, hata kama inauzwa bei ya kutupa. Bega likikaa, mengine mwachie fundi. Dada zangu, kwenu ni vilevile: gauni au blauzi iangalie mabega na kifua, pindo na kiuno havina shida.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenionyesha mambo ya kola. Nilikuwa na shati jeupe nililolipenda, kola imechakaa pale inapokunjwa, shingo imeisugua mpaka nyuzi zinachungulia. Nilitaka kuligeuza tambara la kufutia viatu. Akalichukua, akafumua mshono unaoshikilia kola kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, akaigeuza, upande wa chini ukaja juu, akashona palepale. Upande ule ulikuwa haujawahi kuguswa na shingo ya mtu. Shati likawa jipya. Haifai kwa kola yenye vifungo kwenye ncha, maana ukigeuza matundu yanabaki upande usiofaa, lakini kwa shati la kawaida lenye kitambaa kilekile pande zote mbili, ni kazi safi kabisa.

Basi ukiniuliza siri yangu, ndiyo hiyo: nguo ikukae. Nguo ya bei ndogo iliyokukaa itaipita ya bei kubwa inayokuning'inia. Nitarudia tena, kwa sababu najua utasoma hapa utikise kichwa, halafu kesho ukanunue tisheti kubwa kisa ina nembo.

Jambo la rangi halihitaji maneno mengi. Chagua rangi chache zinazosikilizana, nyeusi, bluu iliyoiva, kijivu, nyeupe, ili suruali yoyote ikubali shati lolote. Wenye pesa zao wanafanya hivyo hivyo. Obama akiwa rais wa Marekani alisema mwaka 2012 kwamba huvaa suti za kijivu au bluu tu, asipoteze akili kwa maamuzi madogo. Na mwaka 1926 jarida la mitindo la Vogue lilipotoa mchoro wa gauni jeusi la Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, lisilo na mbwembwe, lililifananisha na gari la Ford, kwa maana kwamba litamfaa kila mtu. Wewe mwenye suruali tatu unaogopa nini kurudia rangi?

Kufua ndiko wengi mnakoharibu. Jinzi ni mfano mzuri: rangi yake ya nili hukaa juu ya uzi, ndani uzi unabaki mweupe, ndiyo maana kila msuguano unaipausha. Igeuze ndani nje, tumia maji ya baridi, ianike kivulini, na usiifue kila ukiivaa. Suruali nyeusi ya poliesta nayo ina adui wake, pasi ya moto. Utaona magotini na kwenye mifuko inang'aa kama sufuria. Hiyo ni pasi, na ule mng'ao ukishaingia hautoki kirahisi. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake ndipo upige pasi, moto mdogo. Lebo ya ndani inakwambia mengi ya haya, ila watu mnaikata kwa sababu inawasha.

Viatu: viwe safi. Basi.

Na hapa niseme kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Acheni kukopa hela ya kuvaa. Nimeona watu wanalala njaa ili wavae raba ambayo mwezi ujao itakuwa imepitwa. Wanaowacheka hawawalipii ada, hawawafanyii mitihani, na mkimaliza chuo wengi wao hamtawaona. Mimi nililia kwa ajili ya shati, sitaki kuona mwingine anakopa kwa ajili ya shati. Kaa na sindano na uzi mweusi na mweupe kwenye begi, jifunze kurudisha kifungo na kukunja pindo. Kuna wanaume wazima hawajui kushona kifungo, na wanaona fahari!

Mdogo wangu aliniuliza pia habari ya suti kwa ajili ya mahojiano ya kazi. Usinunue kwa sasa. Azima kwa mtu mwenye mabega kama yako, mwombe ruhusa ya kukunja miguu ya suruali, kisha mwambie fundi aipige mishono mirefu ya mkono, asikate kitambaa. Mahojiano yakiisha unavuta uzi, unapiga pasi lile kunjo, unamrudishia mwenyewe. Kama mikono ya koti ni mirefu, iache. Ukiwa umekaa mezani haionekani sana, na koti la mtu halichezewi.