Jumatatu inayopotea kwenye dira za maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia nyumba ya kupanga hapa Morogoro, vyumba 14, kila kimoja na dira yake ya maji. Jioni nasoma dira na kuingiza kwenye jedwali dira_maji lenye safu tatu: chumba, siku, namba. Ili nipate uniti za kila siku, nimeliunganisha jedwali na lenyewe, leo kwa jana. Ila Jumapili sisomi, na Jumatatu yake haitokei kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Umeiagiza MySQL, programu inayotunza jedwali lako, ikamtafute jana, ikaenda Jumapili ikakuta patupu. Achana na kalenda, chukua mstari uliotangulia:

SELECT chumba, siku,
  namba - LAG(namba) OVER (PARTITION BY chumba ORDER BY siku) AS uniti
FROM dira_maji;

LAG, inayokuletea thamani ya mstari uliotangulia, ipo kwenye MySQL kuanzia toleo la 8.0; ukiwa na 5.7 itakukatalia.

Hiyo PARTITION BY chumba, inayotenga hesabu ya kila chumba, usithubutu kuiacha. Mimi niliiacha nilipokuwa nahesabia maji ya wapangaji wa shangazi, namba za chumba kimoja zikatolewa za jirani, na mama wa maandazi akatoka na uniti hasi 212. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mnanidai au nawadai?"

Mstari wa kwanza wa kila chumba utatoka NULL, yaani hauna thamani, kwa kuwa hakuna uliotangulia. Usiujaze sifuri, maana utakuwa umeandika kwamba siku hiyo hakuna aliyeoga. Jumatatu nayo itabeba maji ya siku mbili. Kwa bili ya mwezi haina neno, ila ukitaka wastani wa siku, gawanya uniti kwa idadi ya siku zilizopita tangu usomaji uliotangulia: DATEDIFF(siku, LAG(siku) OVER (PARTITION BY chumba ORDER BY siku)).

Mtego uliobaki ni wa tarehe. Ukiweka WHERE ya kuchagua Machi ndani ya amri hiyohiyo, mistari ya Februari inachujwa kabla LAG haijaiona, na Machi mosi inakuwa NULL. Ifunge amri nzima kwenye mabano, uipe jina, kisha uchuje Machi kwa nje.

Ukifanya yote hayo na bado ukaona hasi, shika tochi ukaangalie dira yenyewe. Ama fundi kafunga mpya iliyoanzia sifuri, ama wewe jioni ile uliandika 6 badala ya 9.