Ofisini ni Kiingereza tu, sasa Kiebrania utajifunzia wapi?

Kama umepata kazi Israel, Tel Aviv au Herzliya, kwenye kampuni za teknolojia, nikwambie mapema ndugu yangu, Kiebrania hakitakuingia chenyewe. Miting Kiingereza, imeili Kiingereza, na ukitamka tu "boker tov", yaani habari za asubuhi, mwenzako anakujibu kwa Kiingereza hapohapo, wala hana ubaya, anataka kukurahisishia. Ila mkikaa kula mchana ndo utaona, wanaanza Kiingereza kwa ajili yako, dakika mbili washarudi kwenye Kiebrania chao, na stori zote za maana, nani anaacha kazi nani kapandishwa cheo, zinakupita.

Mimi nilimwomba mtu mmoja, dada wa uhasibu, kwamba tukikutana kwenye kahawa ni Kiebrania tu, na nikikwama asinipe Kiingereza, anizungushie kwa maneno mepesi mpaka nielewe. Usiwaombe timu nzima, watasahau kesho yake.

Ulpan nayo, yaani shule ya Kiebrania kwa wageni, usiache hata kama kazi zimekubana, za jioni zipo. Hawa wanafundisha wahamiaji tangu 1949, ilipofunguliwa Ulpan Etzion kule Jerusalem, na mwalimu anafundisha Kiebrania kwa Kiebrania, mwanzoni kichwa kinauma lakini inasaidia kweli.

Halafu sisi wa Kiswahili tuna mtaji jamani, maneno mengi tumeyachukua kwenye Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Mtu anayejua kitabu, katibu na maktaba hatapata shida kuelewa kwamba katav ni aliandika, mikhtav ni barua, ktovet ni anwani, mzizi ni herufi tatu zilezile, k-t-b, ila hapo b inatamkwa v. Saba ni sheva, tisa ni tesha, hesabu ni heshbon, na ndo neno unaloombea bili mgahawani. Shida ipo kwenye kusoma, maana maandishi ya kawaida hayana irabu, kwa hiyo neno ambalo hujawahi kulisikia utalibahatisha tu. Sikiliza kwanza, redio, basi, watu.

Nenda soko la Carmel Ijumaa kabla halijafungwa, sema "hatzi kilo agvaniyot", nusu kilo ya nyanya, muuzaji ana haraka na atakutajia bei mara moja tu, hapo namba utazijua utake usitake.

Na bili ya arnona, ile kodi ya manispaa, ikija usikimbilie kuitafsiri kwa simu. Nenda nayo kazini, isome na yule mtu wako mstari kwa mstari.