Je, nimpe mama ibuprofeni kila siku ili kumbukumbu isipotee?

*Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 74, na huu ni mwaka wa pili tangu aambiwe ana ugonjwa wa Alzheimer. Nimesoma kuwa ubongo wa wagonjwa hawa una inflamesheni, yaani ule uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili. Mimi hutumia ibuprofeni mgongo ukinisumbua, na karatasi yake inasema inatuliza inflamesheni. Nikimpa mama kidonge kimoja kila siku, haitamsaidia? Nauliza kwa sababu tangu Jumatatu amebadilika sana. Usiku halali, na jana aliniita kwa jina la marehemu dada yake.*
*Mlezi wa Mama*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Naanza na hayo ya tangu Jumatatu, kwani hayawezi kungoja. Alzheimer huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika ndani ya siku chache, mara nyingi kuna jingine: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu, au dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi bila hata homa. Mpeleke akapimwe leo, kisha urudi usome yaliyobaki.

Sasa kidonge. Wazo lako lina msingi. Watafiti wakubwa walikuwa nalo. Mwaka 1990 Patrick McGeer na wenzake wa Vancouver, Kanada, waliandika kwamba wagonjwa wa baridi yabisi, ambao hutumia dawa hizi za kutuliza inflamesheni kwa miaka, walionekana kuugua Alzheimer kwa nadra. Mwaka 2001 Marekani ikaanza kulijaribu kwa watu zaidi ya 2,500 wa miaka 70 na kuendelea, kila mmoja akiwa na ndugu wa karibu aliyeugua. Wengine walipewa naprokseni, wengine selekoksibu, zote za jamii ya ibuprofeni, na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwishoni mwa 2004 dawa zikasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo. Matokeo yalipochambuliwa, hazikuwa zimewakinga.

Sababu yake ndiyo inayonishughulisha mimi kila siku, kwa hiyo nivumilie. Inflamesheni ya ubongo haifanani na kifundo cha mguu kilichoteguka kikavimba. Ni kazi ya seli za kinga zinazoishi humo humo ubongoni, mikroglia, jina alilozipa Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Nimezitazama kwa hadubini miaka 16. Katika ubongo wa panya aliye hai unaziona zikinyoosha vimikono na kuvirudisha, zikipapasa kila upande, hata pasipo na ugonjwa wowote. Hadi leo nikiziona huacha kuandika.

Seli hizi humeza uchafu wa protini unaorundikana kwenye Alzheimer. Mwaka 2013 iligundulika kuwa watu wenye hitilafu fulani katika jeni iitwayo TREM2, ambayo mikroglia huitegemea katika kazi hiyo, wana hatari ya kuugua kubwa takribani mara tatu. Kwa hiyo tunazihitaji. Lakini mwaka 2016 kundi la Beth Stevens, Boston, lilionyesha kwa panya kwamba seli hizo hizo hula sinapsi, yaani viungio vya seli za neva, hata kabla uchafu haujaganda. Seli moja inasafisha na kubomoa. Ibuprofeni haijui kutofautisha kazi hizo mbili. Sisi tunatafuta namna ya kuzuia ubomoaji peke yake.

Usimpe. Kwa umri wake, ibuprofeni ya kila siku inaweza kumtoa damu tumboni, kuumiza figo na kupandisha presha.

Ila kuna inflamesheni unayoweza kumpunguzia wewe, ile ya mwilini. Clive Holmes na wenzake wa Southampton, Uingereza, waliwafuatilia wagonjwa 300 wa Alzheimer kwa miezi sita, wakachapisha mwaka 2009: wale ambao damu yao tangu mwanzo ilikuwa na kiwango kikubwa cha TNF, kemikali ya inflamesheni, kumbukumbu yao ilididimia haraka zaidi, takribani mara nne. Ndiyo maana nasisitiza mkojo, kifua, fizi na vidonda vya kulala. Mkague fizi unapompigisha mswaki. Mgeuze akilala muda mrefu.

Na kama ulishampa vidonge kadhaa kabla ya kuniandikia, mwambie daktari atakayempima leo ni vingapi na lini. Anahitaji kujua kabla hajaandika dawa nyingine.