Kampuni za serikali ya China: bodi ipo, lakini jambo linaanzia wapi?

Mkuu, umeuliza kama bodi za kampuni za serikali ya China zinaamua kweli au ni mapambo. Niliwahi kushughulikia mikataba kwenye kampuni ya ujenzi ya Kichina hapa Dar, nijibu kwa nilichokiona.

Bodi ipo na inakaa vikao. Ila jambo zito likiifikia, kamati ya Chama cha Kikomunisti cha China ndani ya kampuni imeshalijadili. Hilo si siri. Baada ya hotuba ya Xi Jinping ya Oktoba 2016 kuhusu mashirika ya umma, kampuni nyingi zilizoorodheshwa Hong Kong ziliita wanahisa kubadili katiba zao, zikaingiza kwamba bodi isikilize kwanza maoni ya kamati. Na kwa kawaida mwenyekiti wa bodi ndiye huyohuyo katibu wa Chama.

Pale kazini kulikuwa na mzee mmoja, cheo chake naibu meneja. Sikuwahi kuona sahihi yake kwenye mkataba wowote, lakini bei ya zabuni kubwa ikijadiliwa, meneja alikuwa hafungi hoja mpaka yule mzee azungumze. Wenzake walimwita katibu.

Vyeo navyo vinafuata mkondo huohuo. Hisa za mashirika makuu ziko chini ya tume ya mali za umma iliyoundwa 2003, lakini wakuu wa yale makubwa zaidi wanapangwa na Idara ya Oganaizesheni ya Chama. Novemba 2004 wakuu wa kampuni za simu China Mobile, China Telecom na China Unicom walihamishwa kwa mpigo, kila mmoja akaenda kwa mshindani wake! Kampuni zao zilikuwa na wanahisa Hong Kong na New York. Hapo ndipo mimi naona tatizo: mwenye hisa chache hana pa kuhoji.

Za binafsi nazo zinaguswa. Mwaka 2021 taasisi ya serikali ilichukua asilimia 1 tu ya kampuni tanzu ya ByteDance, walioanzisha TikTok, ikapata kiti kimoja kati ya vitatu vya bodi.

Lakini usidhani kila kitu ni amri ya Beijing. Mikoa nayo ina kampuni zake, na kwenye zabuni zinapigana vikumbo na zile za serikali kuu.

Kama unaomba kazi ya ukandarasi mdogo kwao, uliza idhini imetoka ngazi gani, uipate kwa maandishi kabla hujaagiza nondo.