Kabla ya kutangaza rangi ipi inashinda kutu

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupima rangi za kinga hapa Mombasa, wateja watawauliza jambo moja kila siku: ipi bora, epoksi (rangi ya utomvu wa plastiki unaoganda ukawa mgumu), rangi ya zinki au ile nyekundu ya madukani? Msiharakishe kujibu. Rangi mbili hazilinganishwi mpaka mengine yote yawe sawa, na hayo mengine ndiyo yenye kazi.

Anzeni na chuma chenyewe. Vipande vyote vikatwe katika bamba moja na visafishwe kwa njia moja. Ukikipiga mchanga hiki kwa hewa ya nguvu hadi daraja la Sa 2½, yaani chuma karibu kitupu kabisa, na kile ukakisugua kwa brashi ya waya, umelinganisha usafi, rangi hujaigusa. Tena pwani kuna chumvi isiyoonekana. Bamba lililolala nje karibu na Kilindini laweza kung'aa na bado lina chumvi juu yake. Ukilipaka hivyo, chumvi huvuta maji kupitia rangi, na malengelenge huanzia chini. Lioshe kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kupiga mchanga, kisha pima chumvi iliyobaki, na upake siku hiyo hiyo. Joto la chuma liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande. Asubuhi za masika mara nyingi itabidi mngoje.

Unene pimeni rangi ikishakauka, sehemu kadhaa za kila kipande. Mikroni (elfu moja ni milimita moja) 120 za rangi moja dhidi ya 200 za nyingine si mashindano ya haki. Kingo zizibeni, kwa sababu rangi hukimbia pembe kali na kutu ya pembeni itawadanganya.

Mkwaruzo ndio ninaouthamini kuliko yote. Uchoreni kwa kifaa kimoja, upana mmoja, hadi chuma kionekane. Kipande kizima huonyesha jinsi rangi inavyozuia maji. Kilichokwaruzwa huonyesha yatakayotokea kontena likigonga nguzo. Epoksi ni ukuta tu, ukitoboka umetoboka. Zinki hujitoa yenyewe iliwe kabla ya chuma, kwa hiyo hulinda hata pale palipo wazi. Mwisho wa jaribio kwangueni rangi iliyolegea, mpime kutu imetambaa umbali gani kutoka kwenye mkwaruzo. Msiishie kutazama juu.

Sasa kile chumba cha mvuke wa chumvi, kinachoharakisha kutu: maji yenye chumvi asilimia 5, nyuzi 35, bila kupumzika. Kinafaa sana kukagua kama rangi ile ile imetengenezwa vizuri safari hii kama safari iliyopita. Kulinganisha zinki na rangi nyingine, hapana. Nje, zinki hulowa na kukauka, ikajijengea gamba gumu la kabonati. Ndani ya chumba haikauki kamwe, gamba halijengeki, nayo huyeyuka upesi. Mabati mazuri, yaani chuma kilichovikwa zinki, yataonekana dhaifu bila kosa lao. Epoksi nayo hupendelewa, maana humo hamna jua, na jua la Nyali huigeuza chaki. Ndiyo maana napendelea mzunguko wa ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha rangi za kukinga chuma: saa 72 za mwanga mkali na unyevu, saa 72 za chumvi, saa 24 za baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi hiyo Mombasa haipo, lakini hunyoosha na kubana rangi mpaka udhaifu wake utokee. Na mteja akiwaomba mgeuze saa za chumbani kuwa miaka ya gatini, kataeni kwa adabu.

Pamoja na hayo, tundikeni vipande vingine nje, mwaka mzima angalau, vipitie kaskazi na kusi. Vipande vichache viwe chini ya paa, upande unaoelekea bahari. Mvua haiviogeshi, chumvi hurundikana, na huenda kutu ikaanza huko mapema kuliko kwenye vile vinavyonyeshewa. Viandikeni peke yake kwenye ripoti, kwa kuwa sehemu kubwa ya chuma cha gatini iko chini ya sakafu, mvua isikofika.